Ukishaking'oa Hakirudi: Vyombo vya Anga Vinavyotoka Kwenye Kadi

Kadi ya plastiki inayoenea kiganjani, imechapwa rangi pande zote mbili, na ndani yake mna vipande vilivyokatwa tayari ila bado vimeshikiliwa na vikonyo vidogo, kama matunda kwenye tawi. Unavisukuma vitoke, unavichomeka kimoja kwenye kingine, na baada ya dakika chache kadi imegeuka chombo cha anga chenye mabawa, injini na mguu wa kusimamia. Raha ya michezo hii iko hapo. Matatizo yake nayo yanaanzia hapohapo, kwa sababu kadi ile haitakuwa kadi tena. Maisha ya chombo huamuliwa na zile dakika chache za kukitoa na kukiunga, na wengi huzimaliza kwa papara.

Wazo lenyewe si la jana. Michezo ya kadi za kukusanya ilianza na Magic: The Gathering ya Richard Garfield mwaka 1993: unanunua pakiti iliyofungwa bila kujua kilichomo, unabadilishana na wenzako, unajipangia rundo lako la kuchezea. Mwaka 2004 kampuni ya WizKids ya Marekani ikatoa Pirates of the Spanish Main, ambamo kadi za plastiki ziligeuka meli za matanga. Mwaka 2005 mtindo huohuo ukapaishwa angani kwa Rocketmen, na mwaka 2007 ikaja Star Wars PocketModel, iliyooanisha vyombo vya kuunda na kadi za kushika mkononi. Mwishoni mwa 2008 kampuni ya Topps, iliyokuwa ikiimiliki WizKids wakati huo, iliifunga. Kampuni ya NECA iliinunua mwaka 2009, lakini vyombo hivi vya anga havikufufuliwa. Maana yake kwa mchezaji ni moja tu: bawa likikatika, hakuna kiwanda kitakachokuuzia jingine.

Kabla hujagusa kikonyo

Piga skani kadi nzima, mbele na nyuma, kwa dipiai (nukta kwa kila inchi) 600, ukiwa umelaza rula pembeni yake. Hatua hii inachukua dakika mbili na ndiyo itakayokuokoa miaka mitano baadaye kipande kikipotea chini ya kabati, kwa sababu utakuwa na kiolezo chenye vipimo sahihi na picha ya rangi. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, ila ishike sambamba kabisa na meza. Ikiinama kidogo tu, mianya (zile nafasi nyembamba za kuchomekea vipande) ya upande mmoja wa picha inaonekana mifupi kuliko ya upande wa pili, na kiolezo cha namna hiyo hakina faida.

Halafu hesabu vipande. Vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele, hasa mizinga na antena, na mara nyingi hubaki kwenye fremu, yaani sehemu ya kadi inayozunguka vipande, ukadhani ni sehemu ya fremu. Inua kadi usawa wa taa uitazame: kila mstari unaopitisha mwanga umekatwa, na mstari unaozunguka mpaka ukarudi ulikoanzia ni kipande.

Plastiki yenyewe kwa kawaida ni polistirini, unene wake unakaribiana na wa kadi ya benki. Ni ngumu, inachapika vizuri, inayeyuka kirahisi na haipendi kukunjwa. Ukiipinda na kuona mstari mweupe umejitokeza, hiyo si rangi inayochubuka. Ni plastiki inayofanya nyufa ndogondogo kwa ndani, na ukiipinda tena mahali palepale itakatika. Weupe huo haufutiki.

Kung'oa

Usisukume kipande kutoka katikati. Ukibonyeza katikati ya bawa, bawa linajikunja, vikonyo vya upande mmoja vinaachia na vya upande wa pili vinavutwa, na kikonyo kinachovutwa huondoka na rangi ya kipande. Laza kadi juu ya mkeka wa kukatia, tumia kisu cha karatasi chenye wembe mpya, na kata kila kikonyo kwa kushindilia wembe moja kwa moja chini, ukiuegemeza upande wa fremu badala ya upande wa kipande. Acha kijinundu cha kama nusu milimita. Vikonyo vyote vikishakatwa, kipande kitadondoka chenyewe.

Vile vijinundu ndivyo watu huvidharau. Kikiwa ukingoni mwa bawa, ni suala la urembo tu. Kikiwa kwenye ulimi, yaani sehemu inayoingia mwanyani, kijinundu cha nusu milimita kinatosha kuufanya ulimi usimame njiani. Hapo mtu huongeza nguvu, na ulimi unavunjika. Kwa hiyo anza na ndimi. Pitisha msasa namba 400, halafu 600, ukielekea upande mmoja tu: kutoka uso wenye picha kuelekea ukingo. Ukienda na kurudi, unanyanyua rangi. Tupa ya kucha inafanya kazi ikiwa ni ya chembe laini. Ukimaliza, piga ukingo kwa kidole. Kidole kikikwama popote, bado.

Kuunga

Uti wa mgongo wa chombo huja kwanza, yaani kile kipande kirefu kinachobeba mianya mingi. Kisha mbavu za kukingama, kisha mabawa, na mguu mwisho. Mpangilio huu una sababu: mabawa yakishaingia hufunga mbavu zisitoke, na ukigundua ubavu umeugeuza nyuma mbele baada ya mabawa kukaa, itabidi uyachomoe. Kila kuchomoa kunakula ulimi. Unga kwanza bila kushindilia, kila ulimi uingie robo tu ya njia, kitazame chombo pande zote, hakikisha picha ya juu iko juu, ndipo ushindilie.

Ulimi unaingia wima. Ukiwa mgumu, unaruhusiwa kuutikisa kidogo kwa kufuata urefu wa mwanya, kama msumeno unavyokwenda. Usiutikise kushoto na kulia, maana mwanya ni mwembamba na pembe zake ndipo nyufa huanzia. Usipoingia kabisa, geuza kisu na tumia mgongo wa wembe kukwangua ukuta mmoja wa mwanya mara tatu nne, kisha jaribu. Tatizo mara nyingi si plastiki bali wino: rangi ya pande mbili huongeza unene kidogo, na kadi zenye rangi nyeusi iliyojaa huwa ngumu kuunga kuliko zile nyeupe. Unakwangua wino tu, basi.

Chombo kikiwa cha kuchezea, kiunge mara moja na kikae hivyo. Najua maelekezo ya baadhi ya michezo yanakuonyesha ukikirudisha chombo kwenye fremu yake ukimaliza kucheza. Inawezekana, mara tatu au nne. Baada ya hapo ndimi zinalegea na chombo kinayumba hata meza ikiguswa. Pirates ilikuwa na ujanja mzuri ulioleta shida hiyohiyo: kila mlingoti ulikuwa na mzinga wake, ukirusha dadu ukapata namba kubwa kuliko ile iliyochapwa kwenye mlingoti umepiga, na aliyepigwa anachomoa mlingoti mmoja. Hali ya meli unaiona kwa macho, bila karatasi ya kuandikia. Lakini tundu la mlingoti lililochomolewa michezo thelathini halishiki tena kitu. Kwa vyombo vya anga, vishanga vya rangi pembeni ya mguu vinahesabu madhara vizuri zaidi, na havilegezi tundu lolote.

Gundi zipi, na zipi uzikimbie

Chombo kilichotoka vizuri hakihitaji gundi. Kikilegea, chaguo la kwanza ni gundi nyeupe ya mbao. Haishiki polistirini kwa nguvu, na ndiyo maana tunaitaka: tone moja kwenye kiungo kwa ncha ya kijiti cha meno hujaza uwazi, hukauka bila rangi, na siku ukitaka kufungua unabandua kwa ukucha.

Supagluu inashika, ila mvuke wake hutua pembeni ya kiungo na kuacha ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo, na juu ya picha nyeusi ya anga ukungu huo ni aibu. Ukiitumia, tumia kiasi cha ncha ya sindano na ukiache chombo mahali pa wazi penye hewa, usikifunike. Matumizi yake bora ni mengine: ulimi uliolegea upake supagluu nyembamba, usiuingize popote, uache ukauke saa nzima, kisha uunge. Unene umeongezeka na kiungo kinabana tena. Watu hushindwa hapa kwa kuunga baada ya dakika mbili, na ulimi unagandia mwanyani milele.

Gundi ya modeli za plastiki ni kitu tofauti kabisa. Hiyo haigandishi, inayeyusha nyuso mbili zikawa plastiki moja. Kwa chombo kilichokatika ndiyo dawa, lakini ina masharti: inaunga plastiki, haiungi wino. Kwangua rangi mpaka uone plastiki tupu pande zote mbili kabla hujapaka, la sivyo utakuwa umeunganisha wino na wino, na utabanduka kama ganda.

Asetoni, pamoja na dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha polistirini. Petroli pia. Hata mafuta yaliyomo kwenye ganda la chungwa huilainisha, kwa hiyo anayemenya machungwa huku akichezesha kikosi chake asishangae kuona alama za vidole zisizotoka. Uchafu uondoe kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo na brashi laini ya rangi.

Kilichovunjika na kilichopinda

Ulimi uliokatika ukiunganishwa ncha kwa ncha hukatika tena siku ileile, kwa sababu eneo la kugusana ni dogo mno. Unahitaji gango, kama la mfupa. Na plastiki ya gango unayo tayari: ni ile fremu uliyotaka kuitupa. Ni plastiki ileile, unene uleule, na inayeyuka kwa gundi ileile. Kata kipande cha milimita 3 kwa 8, kwangua wino, kibandike upande wa chini usioonekana, kibane kwa kibanio cha nguo usiku mzima. Angalia tu gango lisiingie eneo linalopita mwanyani, maana unene utakuwa mara mbili. Ulimi wenyewe ukiwa umepotea, kata mpya mrefu kutoka kwenye fremu, uanze ndani ya bawa na utokeze nje. Fremu zote ziweke kwenye bahasha yenye jina la chombo.

Bawa lililopinda linanyooka kwa joto. Polistirini hulegea ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka yana moto kupita kiasi. Epua, subiri dakika moja au mbili, zamisha bawa sekunde tano, litoe, lilaze kati ya vigae viwili vilivyo bapa, na usiguse mpaka lipoe kabisa. Rudia mara mbili badala ya kuongeza muda. Karatasi ya polistirini iliyovutwa wakati wa kutengenezwa huukumbuka ule mvuto, na ukiipasha kupita kiasi husinyaa na kuwa nene, na hapo hakuna ulimi utakaoingia popote. Kwa sababu hiyohiyo, usiache boksi la vyombo ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuhifadhi nako kuna mtego ambao hauonekani mpaka umechelewa. Mifuko laini ya PVC, ile inayonukia kama pazia jipya la bafu, ina kilainishi ndani yake, na kilainishi hicho huhama polepole na kuingia kwenye polistirini mpaka inakuwa ya kunata. Ukiwahi kukuta kifutio kimegandia kwenye rula ya plastiki na kuichimba, umeona jambo hilohilo. Tazama pembetatu iliyochapwa chini ya boksi au kwenye mfuko: namba 5 ni polipropilini, nzuri, namba 3 ni PVC, weka mbali. Kadi za karatasi pia zipate vifuko vya polipropilini. Kwa kadi ya kawaida ya milimita 63 kwa 88, kifuko cha 66 kwa 91 kinaikaa vizuri. Na dadu zisisafiri chumba kimoja na vyombo. Dadu ikirukaruka njiani hukata antena zote.

Rundo la kadi na vyombo vilivyoko mezani

Ugumu wa kupanga kikosi katika mchezo wa namna hii ni kwamba una mali mbili zenye tabia tofauti. Vyombo vikishatua mezani vinaonekana na wote. Kadi ulizoshika hazionekani, na zinategemea bahati ya kuchanga. Anayeanza kwa kawaida huchagua vyombo anavyovipenda, kisha anajaza rundo kwa kadi moja moja za kila aina, na matokeo yake hapati kadi anayoihitaji wakati anaouhitaji.

Chukua rundo la kadi 30 na mkono wa kuanzia wa kadi 6. Kadi uliyonayo nakala moja itakuwa mkononi mwanzoni kwa asilimia 20. Nakala mbili, karibu asilimia 37. Nakala tatu, asilimia 50. Maana yake ni kwamba ikiwa chombo chako kikubwa hakifanyi kitu bila kadi fulani, na kanuni zinakuruhusu nakala tatu, bado mchezo mmoja kati ya miwili utaanza bila kadi hiyo. Chombo cha namna hiyo ni mzigo. Mimi ningekiacha nyumbani na kuchukua viwili vidogo vinavyojitegemea, hata kama kikubwa kinapendeza mezani (na kwa kawaida kinapendeza kweli).

Dadu nazo zina hesabu yake. Kwa dadu mbili, kupata jumla ya 7 au zaidi ni asilimia 58, 8 au zaidi ni 42, na 9 au zaidi ni 28. Kuongeza pointi moja karibu na katikati kunabadilisha karibu asilimia 14 hadi 17; kuongeza pointi moja huko mwishoni, kutoka 12 kwenda 11, kunakupa chini ya 6. Kadi ya kuongeza moja ipe chombo cha wastani. Watu huipa kile dhaifu kwa huruma, nayo inapotea bure.

Kukusanya seti nzima

Tuseme seti ina vyombo 60, vyote vina nafasi sawa ya kutokea. Kuvipata vyote kwa kununua pakiti tu kutakuhitaji, kwa wastani, kufungua vyombo 281. Nusu ya kwanza, yaani 30 tofauti, inakuja ndani ya vyombo kama 41. Kumi vya mwisho peke yake vinakula 176, na kile cha mwisho kabisa kinakula 60. Na hapo hatujahesabu vyombo adimu, ambavyo huongeza idadi hiyo zaidi. Kwa hiyo pakiti ni za kuanzia. Ukishafika nusu, badilishana. Ukibakiza kumi, nunua kimojakimoja, hata kwa bei inayoonekana kubwa. Ukinunua kilichokwisha kuundwa, omba picha ya ndimi na ya chini ya mguu, maana picha ya juu huonyesha rangi tu.

Kujitengenezea

Kwa kuwa viwanda vimenyamaza, wengi huchora vyao. Kwa dipiai 300, kadi ya milimita 63 kwa 88 ni pikseli 744 kwa 1039, na karatasi moja ya A4 inabeba kadi tisa. Chapisha kwa asilimia 100. Lile chaguo la programu la kulinganisha na ukubwa wa karatasi hupunguza kila kitu kidogo, na mianya yote inakuwa myembamba.

Bandika picha pande mbili za karatasi ya polistirini ya nusu milimita. Picha zikiwa kwenye karatasi ya kawaida, kila upande unaongeza kama milimita 0.1, kwa hiyo unene wa mwisho ni 0.7, na huo ndio upana wa mwanya. Urefu wa mwanya hukosewa zaidi. Vipande viwili vinapokingamana, kila kimoja kikatwe nusu ya kina cha mahali vinapokutana: kama ubavu una kimo cha milimita 12 pale, uti wa mgongo unakatwa 6 kutoka juu na ubavu 6 kutoka chini. Ukikata 12 kwenye kimoja tu, umekigawa vipande viwili.

Mistari iliyonyooka usiikate mpaka mwisho. Pitisha wembe mara mbili au tatu kwa kufuata rula ya chuma, kisha vunja kwa kukunja kuelekea upande usiokwaruzwa. Polistirini huachia safi kwenye mkwaruzo. Mianya lakini hukatwa kwa wembe pande mbili ndefu kwanza, na mwisho wake toboa kwa sindano nene kabla ya kukata ule upande mfupi, maana tundu la duara huzuia ufa usiendelee. Kata kwanza uti wa mgongo na ubavu mmoja tu kutoka kwenye mabaki, viunge, ndipo ukate vilivyobaki.